Joto la Mosocho

Simu ilimkuta Manasseh Ombati katika zizi la mama mmoja huko Manga, mkono wake wa kushoto ukiwa ndani ya ng'ombe hadi karibu na kwapa, ikalia mpaka ikanyamaza yenyewe. Alipomaliza akavua glavu ndefu, akanawa kwa maji aliyowekewa kwenye karai, akaipiga ile namba. Mwanamke aliyepokea hakupoteza muda kwa salamu. Alisema yuko Mosocho, nyuma ya kinu cha posho, na ana shida ya joto.

"Limeanza lini?" Manasseh akauliza, kama alivyowauliza wakulima wote.

"Liko siku zote, lakini leo limezidi. Nimejaribu feni, nimejaribu maji, wapi! Nimeambiwa wewe ndiye uko na naitrojeni."

Manasseh aliitazama simu kisha akairudisha sikioni. Miaka yote aliyozunguka vilima hivi na mtungi wake wa naitrojeni wa kuhifadhia mbegu za madume mgongoni mwa pikipiki, hajawahi kumsikia mtu aliyempepea kwa feni ng'ombe mwenye joto la kutaka dume. Lakini wakulima wana mambo yao.

"Usimmwagie maji tena," akasema. "Mfunge kivulini. Nakuja."

Alipofika nyuma ya kinu cha posho hakuona zizi wala mnyama. Aliona duka dogo lenye veranda, migomba nyuma yake, na mwanamke wa umri wa miaka thelathini na kitu amesimama mlangoni na bisibisi mkononi.

"Bwakire buya, daktari," akasalimu. Huku watu wa kupandisha ng'ombe wote huitwa daktari. "Mimi ni Bochaberi."

"Buya mono. Ng'ombe yuko wapi?"

"Ng'ombe gani?"

Walitazamana. Kisha Bochaberi akaelewa, akacheka mpaka akashika mwimo wa mlango. Manasseh hakucheka. Alikuwa ameshuka kilima chote kile na gumboti zake zina kinyesi. Lakini mwanamke alipofuta machozi alimwomba radhi kwa heshima, akamwita tata, yaani baba, akampa kiti, akamletea chai ya maziwa, na mtu hawezi kukasirika na kikombe mkononi.

"Mgonjwa wangu ni huyu," akasema, akafunua kitambaa.

Manasseh alizijua kompyuta za ofisini, vile visanduku vyeusi vinavyokaa chini ya meza na kukusanya vumbi. Hii haikufanana nazo. Ilikuwa imekaa ndani ya nyumba ya kioo, na humo ndani mabomba mangavu yalipita kwa mikunjo safi, maji ya samawati yakizunguka kutoka kwenye moyo wa mashine hadi kwenye rejeta ndogo na kurudi. Hakuna waya uliolegea. Kila kitu kilikuwa kimelazwa mahali pake kama nyuzi za mfumaji.

"Nani amekutengenezea?"

"Nani tena? Mimi."

Ndiyo iliyokuwa kazi yake. Aliwaundia kompyuta wapiga picha wa harusi, waandaaji wa video za kwaya na wapima mashamba, kila mmoja kwa kadiri ya kazi yake. Wengi walitosheka na mwendo waliopewa na kiwanda. Hii ilikuwa yake mwenyewe, na hakutaka kutosheka.

"Unajua lori linavyofungwa spidi gavana?" akamwuliza. "Injini ina nguvu ya kukimbia zaidi, lakini imezuiwa ili isiharibike na isiue watu. Prosesa, huu ubongo wa kompyuta, nao umefungwa hivyo hivyo kiwandani. Mimi naufungua. Naupa umeme zaidi kidogo, naupandisha mwendo kidogo, natazama. Tena kidogo. Shida ni kwamba kila ukiupandisha unazaa joto. Joto likizidi, unazima, au unaungua kabisa. Feni zilinifikisha mahali zikachoka. Maji yakanipeleka mbele, nayo yakachoka. Sasa nimebaki na baridi yako."

"Na ukipata huo mwendo, unakwenda wapi nao?"

"Siendi popote, tata. Nataka tu kujua inaweza kufika wapi."

Wenzake wa Afrika Mashariki, akaeleza, walikuwa na mashindano yao mtandaoni: nani ataikimbiza prosesa ya aina moja kuliko wengine, mbele ya kamera. Yeye alitaka kufika mwendo wa gigahazi saba. Kiwanda kilikuwa kimeiruhusu tano na kitu. Kisii nzima hakuna aliyewahi hata kujaribu.

Manasseh alikunywa chai polepole. Mtu mwingine angeona ni mchezo wa watu wasio na kazi. Yeye alimkumbuka ng'ombe wake mwenyewe, Nyamweya, aliyempata kwa kuchagua mbegu kizazi baada ya kizazi, akampimia chakula kwa mkono wake, akamtandikia majani makavu, si kwa ajili ya maziwa tu bali kwa sababu alitaka kuona mwili wa ng'ombe mmoja unaweza kutoa nini ukitunzwa bila kasoro. Alimwelewa mwanamke huyu zaidi ya alivyotaka.

"Naitrojeni si maji ya mfereji," akasema. "Ni digrii mia moja tisini na sita chini ya sufuri. Ikikushika kidole, kidole kimekwenda. Na hapa ndani umefunga madirisha. Inapochemka inafukuza hewa. Mtu anaanguka bila kunusa chochote, na anayekuja kumwinua anaanguka juu yake."

Alitarajia abishane. Bochaberi akageuka, akaangalia chumba chake chote, meza, nyaya, soketi alizozipanga kwa uangalifu mwingi.

"Basi tutafanyia verandani," akasema. "Nitahamisha kila kitu."

Hapo ndipo Manasseh alipokubali moyoni, ingawa kwa mdomo alisema atafikiria.

Tangu siku hiyo, kila alipopita Mosocho alisimamisha pikipiki. Alimkuta Bochaberi na mumewe Gibson, mwalimu wa sekondari, mtu mpole mwenye miwani, wakifanya mambo ya ajabu. Mara moja alikuta wamerudi kutoka mjini kwa fundi wa kukereza vyuma na chungu cha shaba nyekundu, kizito kama jiwe la kusagia, chini yake laini kama kioo. Chungu hicho kingekaa juu ya prosesa na kushika naitrojeni. Fundi alikuwa amekikereza mara tatu, kwa sababu mara mbili za kwanza Bochaberi alikilaza juu ya kioo cha dirisha, akamulika tochi, akaona mwanga unapita chini yake.

"Unywele tu," fundi alikuwa amelalamika.

"Unywele ni mwingi," Bochaberi alimjibu.

Siku nyingine Manasseh alikuta mkebe anaoujua vizuri juu ya meza, mafuta ya kukamulia, yale ya kupaka chuchu za ng'ombe. Bochaberi alikuwa akiupaka ubao wote wa mashine kwa brashi ndogo, akijaza kila tundu na kila mwanya.

"Sasa unataka kuikama?"

"Baridi ikiwa kali, hewa inageuka umande," akasema bila kuinua macho. "Umande ukiingia kwenye ubao wenye umeme, kwisha. Mafuta yanazuia. Nimejaribu aina nyingi, lakini haya ya ng'ombe yanashika vizuri kuliko yote."

Alifanya kazi hiyo mchana mzima, na Manasseh, aliyekuwa amesimama kwa dakika moja tu, alijikuta ameketi.

Jumapili ya mwisho ya mashindano ilikuja na mawingu na upepo wa mwezi wa saba unaoteremka kutoka ukingo wa Manga. Manasseh alikuwa amepata naitrojeni kwa msambazaji mjini na kuazima mtungi mkubwa kwa mwenzake, akautanguliza kwa gari. Yeye alifuata kwa pikipiki na mtungi wake mdogo wa mbegu, kwa sababu ng'ombe hawajui Jumapili. Kwenye kona moja yenye tope gurudumu liliteleza, pikipiki ikalala, mtungi ukagonga ukingo wa barabara. Alijiinua, akafungua kifuniko, akaona mvuke mweupe umetulia ndani kama kawaida. Akashukuru Mungu, akaendelea.

Verandani kila kitu kilikuwa tayari. Mashine ilikuwa imevuliwa nyumba yake ya kioo, ubao umelazwa wazi juu ya mbao, unang'aa kwa mafuta kama mtoto aliyetoka kuogeshwa, na chungu cha shaba kimesimama katikati. Gibson alikuwa ameifunga simu kwenye kigingi ili mashindano yaone moja kwa moja. Pembeni kulikuwa na draya ya nywele iliyoazimwa kwa Maureen wa saluni, ya kuyeyushia barafu ikizidi.

Manasseh alichota naitrojeni kwa chupa ya chai ya chuma, akampa. Bochaberi akaimimina polepole. Chungu kililia kama mafuta ya moto yanapopokea kitunguu, kisha mvuke mzito ukafurika, ukashuka mezani, ukatambaa sakafuni hadi uani. Kuku wakakimbia. Shaba ikaanza kuota manyoya meupe ya barafu, hapo hapo Mosocho, mbele ya migomba.

"Yesu," Gibson akanong'ona.

"Wewe tazama kamera," mkewe akasema.

Kisha akaanza. Mkono wa kulia ulikuwa kwenye kibodi, wa kushoto ukishika chupa, na jicho lilitoka kwenye skrini kwenda kwenye kipima baridi na kurudi. Alipandisha mwendo hatua moja, akangoja. Akamimina kidogo. Akapandisha tena. Mashine ilipoganda, hakushtuka wala kulaani. Aliiacha ipate joto kidogo, akapuliza draya mahali alipoona umande, akaiwasha upya, akapunguza umeme mahali hapa, akaongeza pale. Manasseh alimtazama mkono wa kushoto. Ulimimina bila yeye kuuangalia, na haukuzidisha tone. Alijua ni jambo gani hilo. Ndivyo mkono wake mwenyewe ulivyofanya kazi gizani ndani ya ng'ombe, ukitafuta njia kwa kugusa huku macho yakitazama ukuta. Jambo kama hilo hufundishwi na mtu. Unalipata kwa kurudia mpaka linahamia kwenye vidole.

"Sita na nusu," Bochaberi akasema. Baadaye, "Sita na saba." Akahifadhi ushahidi wa hatua hiyo, faili na picha, jinsi kanuni zilivyotaka. "Sita na nane." Sauti yake haikupanda, lakini shingo ilikuwa imelowa jasho katika upepo ule wa baridi.

"Daktari," Gibson akasema, "ule mtungi wako mdogo, ni kawaida kutoka jasho?"

Manasseh aligeuka. Mtungi wa mbegu ulikuwa kwenye ngazi ya veranda pale alipouweka. Mabegani pake palikuwa na barafu nyeupe, na chini ya barafu maji yalitiririka. Mtungi usio na kasoro haupaswi kuwa na baridi nje hata kidogo. Ile ajali ya kwenye kona ilikuwa imepasua ngozi ya ndani. Hewa ilikuwa imeingia mahali pasipotakiwa kuwa na hewa, na naitrojeni ilikuwa ikichemka na kutoweka huku yeye akishangaa mashine.

Akafungua. Kimiminika kilikuwa kimebaki kidogo sana chini. Ndani mlikuwa na mirija ya wakulima wa Mosocho na Manga, mbegu za madume walizoziagiza na kuzingojea, mmoja mmoja kwa jina la ng'ombe wake. Zikiguswa na joto, hata kwa muda mfupi, zimekufa. Na leo Jumapili msambazaji amefunga.

Baridi nyingine iliyokuwapo yote ilikuwa kwenye mtungi mkubwa, ule wa Bochaberi.

Manasseh aliutazama mtungi mkubwa. Alikuwa ameiona kazi yote ile, kile chungu kilichorudi kwa fundi mara tatu, yale mafuta yaliyopakwa kwa brashi mchana mzima. Mtungi huo mmoja usingeweza kufanya kazi mbili. Mirija ikishaingia kwenye mtungi mkubwa, hakuna kuuinamisha tena wala kuchota.

Bochaberi alikuwa amekwisha kuinuka. Alitazama barafu mabegani mwa mtungi, akatazama uso wa Manasseh. Hakuhitaji kuelezwa habari za joto.

"Ziko hai bado?"

"Kwa sasa, ndiyo."

"Basi unangoja nini, tata? Hamisha."

"Bocha," Gibson akasema taratibu, "tumebakiza kidogo tufike saba."

"Najua kusoma, Gibson."

Manasseh alitumbukiza kijiti kwenye mtungi mkubwa, akakitoa, akakipunga hewani, akaona alama ya barafu ilipoishia. Akasema, "Jaza chupa yako kwanza. Moja. Itakayobaki itatosha mirija mpaka kesho."

"Una hakika? Usinihurumie."

"Kwa ng'ombe za watu sihurumii mtu."

Bochaberi akajaza chupa. Kisha Manasseh akavaa glavu, akamwambia Bochaberi ashike kifuniko na asisogee. Akavuta kikombe cha kwanza cha mirija hadi shingoni mwa mtungi, asikitoe juu, akakivusha kwa mwendo mmoja wa mkono, akakizamisha. Kikombe cha pili. Cha tatu. Alipokizamisha cha mwisho na kufunga, aligundua Bochaberi anautazama mkono wake jinsi yeye alivyokuwa akiutazama wa kwake.

"Hata sikuona ulivyofanya," akasema.

"Ndiyo maana bado ziko hai."

Ikabaki chupa moja. Bochaberi alirudi mezani, akasimama. Kisha akamnyooshea Manasseh chupa. "Mimina wewe. Mimi nataka mikono yote miwili kwenye kibodi. Nikisema kidogo, iwe kidogo."

Manasseh alimimina. Chungu kikalia, barafu ikakaza. Bochaberi alipiga vibonye haraka, akaruka hatua zote za katikati, akaandika saba.

Skrini ikatikisika, ikatulia. Pale kwenye kona, bila mkwaruzo, namba ikasimama: saba, nukta, sufuri. Wote watatu waliisoma. Manasseh, ambaye asubuhi hiyo gigahazi kwake ilikuwa neno tu, alihisi nywele za mikono zinasimama. Bochaberi alisogeza kidole kuhifadhi ushahidi, na kabla hakijagusa, skrini ikaganda.

"Kidogo," akasema. Akawasha upya. Chupa ilikuwa nyepesi sasa mkononi mwa Manasseh. Mwanamke hakurudia saba. Alishuka hadi sita na tisa, akangoja pumzi mbili, akahifadhi. Ikakubali. Tone la mwisho la naitrojeni likaanguka chunguni, likatoweka kwa mlio mfupi. Akaizima mashine kwa mkono wake kabla joto halijaifikia.

Kuku mmoja akarudi kuchungulia.

"Umeiona?" Bochaberi akauliza.

"Nimeiona," Manasseh akasema.

Bochaberi akacheka basi, kichwa nyuma, kama alivyocheka siku ile mlangoni, na safari hii Manasseh alicheka naye, na Gibson akasahau kuizima kamera, kwa hiyo mashindano yote yakaona.

Jioni majibu yalipotoka, alikuwa wa tatu. Wa kwanza alikuwa kijana wa Kampala aliyepita saba bila shida. Ile saba ya Mosocho haikuhesabiwa, kwa kuwa bila faili iliyohifadhiwa macho ya watu si ushahidi. Lakini walioshindana naye walitaka zaidi kujua habari za mitungi ile, na kwa nini bingwa mtarajiwa aliacha mbio katikati. Bochaberi aliwaandikia ukweli wote, hadi mafuta ya kukamulia. Yule wa Kampala alijibu kwamba kwao naitrojeni huipata kwa taabu sana, na hajawahi kufikiria kuuliza watu wa ng'ombe. Akauliza kama daktari ana ndugu Uganda.

Kesho yake Manasseh alipitia Mosocho na mtungi mkubwa, akiupeleka kwenye maabara ya mifugo mjini ili mbegu zipimwe kabla ya kumgusa ng'ombe wa mtu. Bochaberi alikuwa ameifungua mashine yote vipande vipande, anaosha ubao kwa mswaki. Akamwomba amsubiri. Akafunga duka, akapanda nyuma ya pikipiki, mtungi umefungwa kati yao kwa kamba mbili.

Maabarani fundi aliyeyusha mrija mmoja kwenye maji ya vuguvugu, akaweka tone kwenye kioo, akainama kwenye hadubini. Manasseh alisimama mikono nyuma, anangoja kama mshtakiwa. Fundi alikawia. Kisha akasema, "Wazima. Wanakimbia kama wehu," na Manasseh akaketi kwenye kiti cha karibu bila kuuliza ni cha nani.

"Naweza kutazama?" Bochaberi akauliza.

Akainama. Mwanzoni alirekebisha lenzi kwa vidole, nusu hatua huku, nusu hatua kule, kwa ule mkono usiozidisha. Kisha vidole vikatulia. Fundi alikohoa. Mlangoni walikuwa wamefika watu wengine wawili na mitungi yao.

"Mama, kuna foleni," fundi akasema.

"Subiri kidogo," Bochaberi akajibu, jicho likiwa bado kwenye hadubini. "Tata, njoo uone huyu mmoja hapa. Njoo upesi, anatoka."